Riwaya za mapenzi tulizozificha ndani ya jalada la Kemia: nyie zilianza kuwabana lini?

#1 Jalada la Kaki (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Wiki iliyopita nilikuwa napangua maboksi ya zamani nikakutana na riwaya saba za mapenzi za enzi zangu za sekondari. Zile nyembamba, kurasa hazifiki 200, jaladani kuna mwanamume kafungua vifungo vitatu vya shati na mwanamke kalaza shingo kama kateguka. Nilizipenda hizo kuliko kitu chochote chenye maandishi. Nilizijalidi kwa karatasi ya kaki, juu nikaandika "Kemia", nikawa nazisoma prepu nzima huku mwalimu wa zamu akipita na kutikisa kichwa kwa kuridhika. (Kemia yenyewe nilipata alama ambazo hazina haja ya kutajwa hapa.)

Basi nikakaa sakafuni nikafungua moja. Nilijua nitacheka, na kweli mpaka ukurasa wa 30 nilikuwa nacheka peke yangu. Kufika wa 60 nilikuwa nimekasirika, na sikujua nimkasirikie nani.

Hadithi yenyewe: binti wa miaka 20 kapata kazi ya ukatibu kwenye shamba la farasi. Mwenye shamba ana miaka 37. Siku ya kwanza bwana hajibu salamu. Siku ya pili anamwambia binti hana akili. Ukurasa wa 48 anamkamata mkono kwa nguvu mpaka vidole vinaacha alama, binti anakimbilia chumbani, anaziangalia zile alama kwenye kioo, na mwandishi anatumia aya nzima kutueleza moyo wa binti unavyodunda. Aya hiyo naikumbuka vizuri. Niliipigia mstari kwa penseli. Mstari bado upo, umenyooka sawasawa. Nilitumia rula.

Nikaweka kitabu chini, nikaenda jikoni, nikafungua friji, nikaifunga, nikarudi.

Nilichokuja kukiona ni hiki. Riwaya zile zilisimuliwa kwa jicho la binti peke yake. Kichwani mwa bwana hatuingii hata siku moja. Akinuna, akifoka, akitoweka siku tatu bila kuaga, vyote vinabaki fumbo, na kulifumbua ni kazi ya binti, akisaidiwa na mimi niliyejificha nyuma ya Kemia. Halafu zikibaki kurasa tano unafika ule ambao mimi nauita ukurasa wa maelezo. Bwana anakaa, anashusha pumzi, anafunguka: nilikupenda tangu siku ile uliposhuka garini, nilikufokea kwa kuwa niliogopa, niliondoka kwa kuwa nisingeweza kukuona ukicheka na yule mwingine. Kila tusi linapewa tafsiri na kila kununa kunageuka kuwa pendo lililovaa koti. Unafunga kitabu umeridhika kama mtu aliyelipwa deni lote na riba.

Sasa hesabu mwenyewe. Kabla sijatimiza miaka 18 nilishasoma kurasa za maelezo zinazokaribia mia. Nikaingia utu uzima nikiwa fundi wa kutafsiri wanaume walionuna. Nilikaa miaka minne na mtu ambaye angeweza kumaliza wiki bila kunisemesha, nami nikawa natulia kabisa, nasubiri ukurasa wangu. Haukuja. Siku tunagawana vitu nilimuuliza, tena kwa upole: "Zile siku ulizokuwa unanyamaza, ulikuwa unawaza nini?" Akafikiri kidogo kwa uaminifu wote, akasema, "Nilikuwa nimechoka tu."

Silaumu vitabu, maana tulizisoma bweni zima na wenzangu wengine waliolewa na watu wanaoongea. Ila zile riwaya zimenibana sasa, kama sketi ya kidato cha kwanza. Najua ni yangu, jina langu limo ndani kwa wino, lakini haipiti.

Nyie wenzangu zilianza kuwabana lini? Na mlijuaje?

#2 Msomi wa Vichochoroni

Rula ndiyo imeniua mimi. Rula!

Nimekaa pale, naendelea kusoma.

#3 Mtoro wa Prepu

Mimi ni mwanamume na naomba heshima yangu ilindwe humu.

Dada yangu alikuwa anazificha chini ya godoro. Nilikuwa naiba moja moja na kuzirudisha kabla hajahesabu. Wenzangu walidhani nasoma kwa sababu ya zile kurasa mnazozijua. Hapana, nilizisoma kama mtu aliyepata mtihani uliovuja. Nikiwa na miaka 17 nikafikia hitimisho: wasichana wanampenda mtu asiyecheka. Nikaacha kucheka.

Kulikuwa na binti darasani alinipenda waziwazi, hadi akaniandikia barua ya kurasa mbili, mbele na nyuma. Sikujibu. Nilikuwa natengeneza fumbo. Nikikutana naye koridoni natazama mbali, taya nimelikaza. Kwenye vile vitabu taya la bwana limekaza tangu sura ya kwanza, sijui wale watu walikuwa wanatafuna vipi. Nilipanga siku ya kufunga shule nimweleze yote. Hotuba ilikuwa tayari, na nilishaifanyia mazoezi bafuni.

Wiki mbili kabla ya kufunga akawa na mwenzangu mmoja anayecheka hovyo, hata akijikwaa anacheka.

Hotuba ninayo mpaka leo. Kwa hiyo mleta uzi, tulikuwa wengi tuliodanganyika. Wewe ulisubiri ukurasa wa maelezo, mimi niliuandika kabisa nikachelewa kuufikisha.

#4 Msomi wa Vichochoroni

Mkuu itoe hapa hiyo hotuba, isije ikaozea kifuani.

#5 Zamu ya Usiku

Mimi nitakuwa mpinzani. Nina miaka 44 na nazisoma mpaka kesho, kwenye simu, zamu ya usiku wodi ikitulia.

Hili neno "kubana" naliona lina dharau ndani yake, hata kama mleta uzi hakukusudia. Mtu akisoma riwaya ya upelelezi yenye maiti saba hakuna anayemuuliza utakua lini. Mwisho wa upelelezi anaujua, muuaji atapatikana. Mwisho wa mapenzi naujua, watapatana. Kwa nini cha kwake ni akili na changu ni utoto? Au kwa sababu wasomaji wengi wa changu ni wanawake?

Kuna chama cha waandishi wa Marekani, Romance Writers of America. Ili kitabu kihesabiwe riwaya ya mapenzi waliweka masharti mawili tu: pendo liwe ndicho kiini cha hadithi, na mwisho uwe wa kuridhisha na wenye matumaini. Basi. Huo mwisho ni mkataba baina ya mwandishi na mimi. Nikitoka kumfunika mtu shuka usoni saa tisa usiku, nataka kitabu chenye mkataba. Vile vya washindi wa tuzo, ambamo kila mtu anakufa na mvua inanyesha, nitavisoma nikistaafu.

Msomi mmoja wa Marekani, Janice Radway, alikwenda kuzungumza na wanawake wasomaji sugu wa riwaya hizi, utafiti wake ukachapishwa 1984. Wao walimweleza zaidi juu ya kitendo chenyewe cha kusoma: kwamba mama akishashika kitabu, mume na watoto wanaelewa kuwa muda huo ni wake. Na walikuwa wachaguzi kwelikweli. Bwana katili walimkataa, wakaviita vitabu vya namna hiyo vibovu. Kwa hiyo msidhani aliyebaki na riwaya hizi amebaki kwa sababu haoni.

Tena hizo zako mleta uzi ni za zamani. Siku hizi nyingi zinapokezana, sura hii anasimulia binti, sura inayofuata bwana. Unaingia kichwani mwake mapema, unakuta anahangaika kama sisi. Akinuna unajua kanunia nini.

#6 Jalada la Kaki

Zamu ya Usiku, nimekupa haki yako dada. Hilo la shuka limenikalisha chini, na la mkataba nalikubali lote.

Niseme hivi basi, kilichonibana ni yule bwana. Mwisho mwema bado naupenda. Juzi nimetazama filamu, wakapatana uwanja wa ndege, nikalia kama nimefiwa.

Ila nikuulize: ukiingia kichwani mwa bwana tangu sura ya pili, utamu unabaki wapi? Mimi nilikuwa mlevi wa lile fumbo. Ile hali ya kusoma sentensi yake moja mara sita, kuitafutia maana. Naogopa kwamba hicho ndicho nilichokuwa nakipenda, mapenzi yenyewe yalikuwa kisingizio.

#7 Zamu ya Usiku

Utamu unabaki kwenye kuona yeye anajua, wewe unajua, na binti bado hajui. Jaribu kwanza, halafu urudi hapa tubishane.

Na kusoma sentensi moja mara sita kuna jina lake. Kunaitwa kusoma. Walimu wa fasihi walikuwa wanatuomba hicho hicho tukakataa.

#8 Muhuri wa Maktaba

Nimefanya kazi maktaba miaka mingi, nikaona nichangie kidogo kwa upande wa vitabu vyenyewe.

Wengi mkisema riwaya za mapenzi mnamaanisha Mills & Boon, hata kama mliyosoma ilikuwa ya kampuni nyingine. Ilianzishwa London mwaka 1908 na mabwana wawili, Gerald Mills na Charles Boon. Mwanzoni walichapisha mchanganyiko, hata Jack London alikuwamo. Ni miaka ya 1930 ndipo walipokazania mapenzi, na wateja wao wakubwa wakawa maktaba binafsi za kuazimisha kwa ada. Harlequin ya Kanada, iliyoanza Winnipeg mwaka 1949, iliinunua 1971, na Harlequin yenyewe ikaja kununuliwa na HarperCollins mwaka 2014. Vilitengenezwa vitoke kila mwezi na viondoke, kama magazeti. Kisichouzwa kinasagwa. Barabara ya M6 Toll ya Uingereza, iliyofunguliwa 2003, ilichanganyiwa masalia ya vitabu vya Mills & Boon vilivyosagwa, kama nakala milioni 2.5, kwa kuwa karatasi yake ilisaidia kushika lami. Kuna watu kila asubuhi wanaendesha juu ya kurasa za maelezo.

Lakini nilichotaka kusema hasa ni kuhusu alama. Kwenye riwaya hizi tulikuwa tunakuta vialama vya penseli. Nyota ndogo ukurasa wa mwisho, duara kwenye namba ya ukurasa, herufi moja pembeni. Mwanzoni nilidhani ni uharibifu, nikawa navifuta kwa kifutio, kitabu baada ya kitabu. Siku moja mama mmoja mtu mzima akanijia juu. Kumbe ni za wasomaji. Kila mmoja na alama yake, ili akikifungua kitabu ajue kama alishakisoma, maana kwa jalada na hadithi asingeweza kutofautisha. Nilikuwa nimemfutia kumbukumbu ya miaka sita.

Nilimwomba radhi. Aliniambia, "Sasa itabidi nianze upya," na sikuona kama amesikitika sana.

#9 Mtoro wa Prepu

"Sasa itabidi nianze upya." Huyo mama namtafuta.

#10 Kitabu Kwapani

Naomba nirudi kwenye ukurasa wa maelezo, maana haukuzaliwa na hivi vijitabu.

Jane Eyre ya Charlotte Brontë, 1847. Rochester ni tajiri, mkali, ana nyumba kubwa, anamzidi Jane karibu miaka 20, na ana siri. Mabwana wenu wote ni wajukuu zake. Anajifanya atamwoa mwanamke mwingine, Blanche Ingram, anafika hadi kujivika nguo za mwanamke mpiga ramli ili amchimbe Jane moyo, na baadaye anakiri alitaka kumtia wivu. Fomula ni ile ile.

Nilikisoma nikiwa na miaka 14 kwa kurukaruka, natafuta mabusu. Nikakirudia nikiwa na 31. Kumbe ukurasa wa maelezo umo, mrefu kwelikweli, na wala hauko mwishoni. Uko katikati, baada ya ndoa kuvunjikia kanisani kwa sababu bwana ana mke aliyefungiwa ghorofani. Anaeleza kila kitu, ujana wake, baba yake, ndoa yake, wanawake wa Ulaya. Jane anamsikiliza mpaka mwisho. Anamwonea huruma, anampenda, na kesho yake alfajiri anatoka na kifurushi mkononi.

Nilijiuliza nikiwa na miaka 14 nilikuwa naruka nini. Nilikuwa naruka kila mahali Jane anapojibu. Nilidhani anachelewesha hadithi.

Kwa hiyo mimi nitamjibu mleta uzi hivi: zilianza kunibana siku nilipoanza kusoma maneno ya msichana.

#11 Msomi wa Vichochoroni

Huu uzi niliingia kucheka, sasa nakwenda kutafuta kitabu cha 1847. Mnanifanyia nini.

#12 Jalada la Kaki

Kitabu Kwapani, hapo umenipiga penyewe. Nitalirudia hilo la kuruka.

Kabla hatujafika mbali naomba msaada. Kati ya zile saba kuna kimoja hakina karatasi ya mwisho. Kilinifikia hivyo hivyo, kilishapita mikono kama arobaini ya bweni, na jalada lilishatoka pamoja na jina. Kinaishia katikati ya sentensi: alimgeukia, akavuta pumzi ndefu, na hatimaye...

Hatimaye nini? Miaka 21 sijui.

Muuguzi kahamia kisiwani. Daktari ana jeraha la mguu na hataki kuulizwa. Kuna dhoruba. Kuna mchumba wa zamani mwenye kucha nyekundu. Nani anakijua?

#13 Zamu ya Usiku

Nakijua! Anampeleka melini, wanafungishwa ndoa na nahodha. Kucha nyekundu anarudi mjini na yule rubani.

#14 Kitabu Kwapani

Si melini dada, ni kwenye mnara wa taa. Na hakuna rubani. Kucha nyekundu ndiye aliyemjeruhi mguu, anakiri mwenyewe wakati wa dhoruba.

#15 Mtoro wa Prepu

Nyote mmekosea. Kucha nyekundu ni dada yake daktari, hakuwahi kuwa mchumba. Nakumbuka kwa sababu nilishtuka nikapiga kelele, dada yangu akaamka, nikanyang'anywa.

#16 Muhuri wa Maktaba

Wote mko sahihi. Hivyo ni vitabu vitatu tofauti. Mimi nakumbuka na cha nne, ambacho anakatwa mguu.

#17 Zamu ya Usiku

Sasa wewe mleta uzi wakati ule ulifanyaje? Mtu hawezi kuachwa na "hatimaye" akalala.

#18 Jalada la Kaki

Sikulala. Nilijiandikia mwisho mwenyewe, nyuma ya daftari la Kemia, daftari halisi safari hii. Limo humu humu kwenye boksi. Ngojeni.

...

Nimelipata. Kurasa tatu na nusu, wino wa bluu, neno "hatimaye" nimeliandika kwa herufi za mapambo. Nawanukuu kipande, msinicheke, nilikuwa na miaka 15:

"Hatimaye akasema, Sikiliza. Siku ile nilipokwambia urudi ulikotoka nilikuwa nakupenda. Siku niliyovunja kikombe nilikuwa nakupenda. Ulipoumwa nikakataa kuja kukuona, nilisimama nje ya dirisha lako usiku kucha na mvua ilininyeshea mguu wangu mbovu. Mguu huu niliumia nikimwokoa mtoto baharini lakini sikutaka mtu anisifu. Wale wote waliosema mimi ni katili hawanijui. Wewe tu ndiye ulinijua bila kuambiwa..."

Na inaendelea. Mengine anarudia, ila kila akirudia anaongeza mvua.

#19 Mtoro wa Prepu

Hiyo ni hotuba yangu. Neno kwa neno, toa mguu tu.

#20 Kitabu Kwapani

Na muuguzi akamjibu nini?

#21 Jalada la Kaki

Nimeangalia mara mbili, nikapekua mpaka kwenye jalada la daftari.

Ana mstari mmoja, chini kabisa, nimeubana pembeni kwa sababu karatasi ilikuwa imeisha: "Akasema ndiyo."

Na nimerudi nyuma kurasa zote tatu na nusu kutafuta. Hakuna mahali alipoulizwa kitu.